Tovuti yangu ya kofia: niivunje au niikarabati?

Assalaam alaykum Maalim,

Mimi ni mama wa makamo, nakaa Wete, na kazi yangu ni kofia. Nashona tangu sijaolewa, na sasa tumekuwa kinamama kadhaa. Kila mmoja anashonea kwake, mimi nakusanya, nafua, natia wanga, natandika kwenye faroma (kile kigogo cha umbo la kofia) na kuuza. Tunazo za viua vya rangi, na bulibuli nyeupe kwa nyeupe. Wateja wengi ni wa Unguja na Dar, wengine Mombasa, na wako ndugu zetu wa Maskati na Uingereza ambao wakija likizo huchukua za kugawa. Ramadhani na Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, huwa hatulali.

Miaka miwili nyuma tulitengenezewa tovuti. Alitujia kijana mmoja wa Chake, akatuonesha za wenzetu kwenye simu yake, tukachanga tukamlipa. Ikatoka kweli, ina jina letu na mwisho wake .com. Furaha yenyewe haikudumu. Kwanza inafunguka kwa taabu: mteja wangu wa Mkoani aliniambia aliibonyeza, akaenda jikoni kuepua chungu, akarudi bado inazunguka. Pili, imejaa picha za wanaume nisiowajua wamevaa kofia ambazo sizo zetu. Tatu ni ile fomu ya kuagizia. Watu wanajaza na sisi hatupati kitu. Nilikuja kujua pale mtu aliponifuata kunilaumu kwamba aliagiza kofia 12 za harusi nikamnyamazia. Bei zilizoandikwa ni za mwaka ule, na siwezi kuzibadilisha kwa sababu sikupewa neno la siri. Kijana mwenyewe simu yake siku hizi inaita tu.

Sasa nimeamua kuitengeneza, lakini kila ninayemuuliza ana lake. Mtoto wa kaka yangu, yuko hapa hapa Wete, anasema WordPress, ati ndiyo ya wanaojua na ni ya bure. Binti yangu yuko chuo Unguja, yeye anasema Wix, unaburuta vitu unaviweka unapotaka. Fundi mmoja wa mjini kanipa bei ya shilingi 1,800,000: atanijengea duka kamili, mteja achague kofia, aitie kapuni, alipe kwa kadi. Juu yake kila mwaka nimpe 400,000 za matunzo. Na jirani yangu anayeuza madera ananicheka, anasema ana Instagram na WhatsApp, hana haja ya tovuti, na wateja kanishinda.

Mimi nina simu tu, Android ya kawaida. Laptopu anayo binti na huja nayo likizo. Bando nanunua la wiki. Kiswahili nasoma na kuandika bila taabu, Kiingereza changu cha kuombea maji.

Niambie bila ya kunionea haya: nishike kipi? Na hii ya zamani niivunje au inakarabatika? La mwisho, wateja wa Maskati wananiambia nitie Kiarabu. Nitie?

Mshona kofia, Wete

*

Waalaykum salaam, dada. Pole kwa hilo la kofia za harusi. Mteja wa aina ile harudi, na huko alikokwenda ameshasema.

Wote waliokushauri wametaja zana. Hakuna aliyekuuliza bei itabadilishwa na nani. Itabadilishwa na wewe, usiku, umechoka, kwa simu ya Android na bando la wiki, na Ramadhani iko mlangoni. Ukiliweka hilo mbele, nusu ya ubishi wa WordPress na Wix unakufa wenyewe. Lakini kabla ya zana liko la haraka zaidi, na hilo hata wewe umelipita juu juu: jina la tovuti liko mikononi mwa nani?

Tovuti ni vitu vitatu ambavyo mafundi hupenda kuvifunga furushi moja. Kuna jina lenyewe, ambalo hulinunui bali unalikodi mwaka hadi mwaka kwa msajili. Kuna nafasi kwenye kompyuta za kampuni fulani ambako kurasa zako zimehifadhiwa, watu huiita hosti. Halafu kuna programu iliyojengea kurasa hizo. Hosti na programu zikipotea, utapata nyingine. Jina likipotea limeondoka na kila kadi uliyochapisha na kila mtu uliyemtajia. Kwa hivyo leo hii fungua lookup.icann.org kwenye simu yako, andika jina lenu pamoja na ile .com yake, utafute mambo mawili tu: msajili ni kampuni gani, na muda unakwisha lini. Jina la mmiliki aghalabu hufichwa siku hizi, usihangaike nalo.

Tarehe ile iangalie vizuri. Jina la .com likipitwa na muda, msajili anaweza kukuachia hadi siku 45 ulilipie. Likishafutwa zipo siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5, na baada ya hapo linaachiwa yeyote. Wako watu kazi yao ni kuvizia majina yaliyoachwa ili wamuuzie mwenyewe.

Kijana simu yake inaita tu, sawa, lakini Pemba si kubwa kiasi hicho. Ana mama, ana mjomba, ana pahala anaposali Ijumaa. Mtume mtu mzima kwa upole, na asiende kudai pesa. Adai maneno ya siri mawili: la akaunti ya msajili na la hosti. Kama kijana kaweka majina ya wateja wake wote kwenye akaunti moja, basi hataweza kukupa neno lake la siri, na ana haki. Hapo wewe fungua akaunti yako, naye alifungue jina lililofungwa na akupe nambari ya uhamisho ulivute kwako. Ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua, na hana hasara nayo. Akikataa kabisa, mwandikie msajili, umtumie risiti na cheti chako cha jina la biashara cha BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, kama unacho. Nisikudanganye lakini: msajili humtambua mwenye akaunti, si aliyetoa pesa, na unaweza kushindwa. Ukishindwa, sajili jina jipya, hata la .co.tz, na usilie. Wateja wako wanakuja kwa kuambiwa na watu, watafuata.

Jina likiwa jipya au la zamani, akaunti iwe kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Fundi anaweza kukushikia simu akakusajilia, anaweza hata kukukopesha pesa yenyewe, lakini barua ya kukumbusha malipo ifike kwako. Neno la siri liandike kwenye daftari la kofia, pale unapoandika madeni.

Sasa zana. Nianze na jirani yako, maana ana haki kuliko ulivyodhani. Kama huna WhatsApp Business, ipakue leo, ni ya bure, na unaweza kuhamishia namba yako ile ile. Ndani yake mna katalogi: unatia picha, jina la kofia, bei, na nafasi yake inafika bidhaa 500. Bei ikipanda unaibadilisha umelala kitandani. Unaweza kuweka jibu la kujituma lenyewe ukiwa umelala au uko sokoni, na unaweza kuzitia lebo za rangi oda zilizolipiwa nusu, zilizokwisha na zilizokwenda bandarini. Washa na ule uhakiki wa hatua mbili, maana akaunti za wafanyabiashara zinaibwa kila kukicha.

Anapokosea jirani ni kudhani kwamba yule asiyemjua atampata humo. Mtu aliyeko London anayetafuta kofia iliyoshonwa kwa mkono ataandika Google, na Google haimpeleki kwenye hali (status) yako ya WhatsApp. Tena nyumba hizo za WhatsApp na Instagram si zetu. Google yenyewe ilikuwa ikiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure ndani ya Wasifu wa Biashara (Google Business Profile), watu wakaziandika hadi kwenye mabango, na Machi 2024 ikazizima zote. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe alilielekeza kwengine akaendelea.

Kwa hivyo ushauri wangu khasa ni huu: kinachobadilika mara kwa mara kiweke mahali ambapo kukibadilisha ni rahisi, na kisichobadilika kiweke kwenye tovuti. Bei, kofia zilizo tayari, rangi zilizobaki, hayo yakae kwenye katalogi ya WhatsApp. Tovuti ieleze nyinyi ni nani, kofia ya viua inashonwaje na kwa nini haimaliziki kwa siku moja, kichwa kinapimwaje, unalipwa vipi, na mzigo unafika vipi Unguja, Dar na nje. Bei andika moja tu, ya «kuanzia», basi. Ukurasa wa namna hiyo unaugusa mara chache kwa mwaka. Ukishaukubali mgawanyo huu, zana ya kujengea haikutishi tena.

Duka la kapu na kadi la yule fundi wa mjini silisemi baya, ila si lako kwa sasa. Kapu linataka kila kofia iwe na idadi. Zako zinashonwa moja moja, na kipimo kinapanda kwa nusu inchi, kwa hivyo ukiuza ya 22½ ya kijani kwa mtu aliyekuja mlangoni, lazima uende ukaipunguze kwenye tovuti kabla mtu wa Mombasa hajailipia hiyo hiyo. Nani atakaa na kazi hiyo Mfungo Sita? Na hizo kadi pia zina mlolongo. Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi ambayo maduka mengi ya tayari yamejengwa yakiitegemea, haifungui akaunti kwa mfanyabiashara aliyeko Tanzania, hivyo utapitia kampuni zinazofanya kazi huku kwetu kama Pesapal, DPO au Selcom. Zinataka usajili wa biashara na akaunti ya benki, na zinakata chao kwenye kila malipo. Wateja wako wanalipa kwa simu na wamezoea. Siku watu usiowajua wa nje watakapokuwa wanakuandikia kila siku wakitaka kulipa kwa kadi, hapo mwite.

Na ukimwita, hizo 400,000 za matunzo akuandikie zimebeba nini: jina, hosti, nakala ya akiba, masasisho, na mabadiliko mangapi kwa mwaka. Akikuandikia humo pesa ya lile kufuli linaloonekana kwenye anwani, muulize kwa nini. Let's Encrypt inatoa vyeti vya kufuli hilo bure tangu 2015, na hosti nyingi zinakuwekea bila ya wewe kuomba. Kuwa nalo ni lazima, maana Chrome tangu Julai 2018 inaiandika kila tovuti isiyo nalo kwamba si salama. Kulilipia ndiko kusiko lazima.

Binti yako na Wix yake: kwa wepesi, hajakosea. Mtu ambaye hajawahi kutengeneza tovuti anaweza kukaa nayo jioni moja akatoka na ukurasa unaopendeza. Ila ya bure inakubandikia tangazo lao na anwani yenye jina lao, na ukitaka jina lako mwenyewe utalipia kwa dola, kwa kadi, kila mwezi au kila mwaka, na shilingi ikishuka bili inapanda bila ya wewe kufanya lolote. Programu yake ya simu ipo, lakini kupanga ukurasa wenyewe vizuri kunataka kompyuta, na kompyuta iko Unguja. Kubwa kuliko yote, kilichojengwa Wix hakitoki Wix. Ukichoka nao huwezi kukibeba ukakipeleka hosti nyengine, unajenga upya. Kwa ukurasa mmoja si msiba, lakini ulijue kabla.

Iko na Google Sites, ambayo sishangai hakuna aliyekutajia kwa sababu haina fahari. Ni ya bure, haina matangazo, na unaweza kuiunganisha na jina lako mwenyewe. Nayo kuihariri kunataka kompyuta. Ingekuwa binti anakaa nyumbani, ningekwambia chukua hii ufunge mjadala.

Mtoto wa kaka yako basi. WordPress ni ya bure kweli, ipo tangu 2003, na zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zimejengewa hiyo, ndiyo maana fundi wake hakosekani popote. Ubure wake lakini ni wa kupewa kiwanja: ujenzi, mlinzi na kufagia ni juu yako. Hosti utalipa. Masasisho lazima yafanywe, kwa sababu plagini (kijiprogramu cha kuongezea) iliyozeeka ndiyo dirisha wanaloingilia wezi, na tovuti iliyoingiliwa utaikuta siku moja inatangaza kamari kwa jina la kofia zako. Kinachonifanya niichague juu ya hayo yote ni mambo mawili. Unaweza kuingia ukabadilisha neno au picha kwa simu, kwa kivinjari au kwa programu yake. Na unaweza kuibeba nzima ukahama hosti. Usichanganye tu wordpress.com, ambako wao wenyewe ndio wanaokuhifadhia kwa mipango yao, na programu ya wordpress.org unayoiweka kwenye hosti yoyote. Ninayoisema mimi ni hii ya pili.

Tena nadhani tayari unayo. Chukua anwani ya tovuti yenu, ongeza mwishoni mwake /wp-admin, ubonyeze. Ukitokea ukurasa wa kuomba jina na neno la siri wenye alama ya W, ni WordPress, na kijana akishatoa maneno ya siri, inakarabatika. Usivunje. Mpe mtoto wa kaka yako kazi hii: aondoe kiolezo (muundo wa sura ya tovuti) kizito alichoweka yule kijana, aweke kimojawapo cha vile vinavyokuja na WordPress yenyewe, vyepesi na vya bure. Afute plagini zote asizoweza kueleza zinafanya nini. Abakishe moja ya nakala ya akiba, UpdraftPlus inatosha, nayo nakala azielekeze kwenye Google Drive yako wewe. Plagini zilizobaki aziwashie kujisasisha zenyewe, kitufe kipo. Kurasa zipunguzwe ziwe moja, mbili zikizidi. Na mlipe, hata kama ni mwanenu. Kazi ya ndugu isiyolipwa husimama siku anayopata ya kulipwa.

Tuje kwenye uzito, ambao ndio uliomkimbiza mteja wako wa Mkoani. Fungua pagespeed.web.dev, bandika anwani yako, uangalie upande wa simu, si wa kompyuta. Itakutolea mistari mingi ya kutisha, wewe soma kipimo kimoja, kile kinachoandikwa LCP: ni muda unaopita mpaka kitu kikubwa kwenye kioo kionekane. Google inahesabu kuwa ni vizuri ikiwa sekunde 2.5 au pungufu. Tovuti za biashara ndogo zikizidi hapo, mara nyingi mkosaji ni picha. Picha moja kutoka kwenye simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Zitie kumi kwenye ukurasa, umemwambia mteja ateketeze megabaiti 40 za bando lake kabla hajaona kofia. Upana wa pikseli 1,200 unatosha kabisa, na picha ya namna hiyo inaweza kukaa chini ya kilobaiti 200, ndiyo kusema zote kumi hazifiki megabaiti mbili na nusu. Squoosh inafanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari, na picha haiondoki kwenye simu yako. Ikikushinda, iko njia ya mkato: jitumie picha mwenyewe kwa WhatsApp, kwa njia ya kawaida, bila ya kuchagua ubora wa juu, kisha uihifadhi. WhatsApp imeshakupunguzia.

Na hao wanaume wasiojulikana waondoke leo. Picha zako utazipiga wewe na utawashinda. Itandike kofia kwenye faroma, maana ikilazwa bapa inaonekana kama tambara. Isogeze karibu na dirisha asubuhi, taa ya dari izime kwa sababu inautia weupe manjano. Bulibuli iwekee nyuma yake kaniki. Nyeupe juu ya shuka jeupe haionekani na jicho la mtu wala la simu. Kila kofia piga picha mbili: moja nzima, ya pili umeisogelea mpaka vitobo vya viua vihesabike na uzi uonekane ulivyozungushwa. Hii ya pili ndiyo inayouza. Mtu akiiona anajua kwamba hii haikutoka kwenye mashine, na hataanza kukulinganishia na za soko la Darajani, Unguja, zilizokuja na kontena. Ongeza na moja ya mikono ya mwenzenu mmoja anayeshona, kwa ridhaa yake, uso si lazima.

Fomu iondoeni. Fomu nyingi za WordPress zinapotea hivyo hivyo: hosti inatuma barua pepe bila ya uthibitisho, na huko inakopokelewa inatupwa kama taka. Inatengenezeka, lakini ya nini, wakati mteja ana WhatsApp mkononi? Weka kitufe kikubwa chenye linki ya wa.me, kisha mkwaju (/), kisha 255, kisha namba yako bila ya sifuri ya mbele, bila ya alama ya kujumlisha wala nafasi. Mtoto wa kaka yako ataongeza kwenye linki maneno yanayojiandika yenyewe mteja akibonyeza: «Assalaam alaykum, nataka kofia. Kipimo: … Rangi: … Ngapi: … Naihitaji tarehe: …» Hapo anayetaka 12 za harusi anakujia na kila kitu mara moja, na wewe unajua tangu mwanzo kama siku zinatosha au la.

Chini ya kitufe hicho eleza kupima: futi ya fundi cherehani izungushwe juu kidogo ya masikio na kupita kwenye kipaji. Andika inchi na sentimita, maana aliyekulia Uingereza pengine ana futi ya sentimita tu; 22½ ni kama sentimita 57. Jambo dogo hili litakuokolea kofia kurudishwa kutoka ng'ambo kwa gharama kuliko bei yake.

Google Business Profile ijaze pia, ni ya bure, ili Wete ikiulizwa kofia utokee kwenye ramani. Uthibitisho wake siku hizi mara nyingi ni wa video, utaombwa uoneshe pahala unapofanyia kazi. Kama hutaki watu wabishe hodi nyumbani, anwani inafichika, ukabakisha eneo na simu. Na Search Console ya Google nayo aiunganishe mtoto wa kaka yako, itakuonesha watu waliandika maneno gani Google wakakuona. Ukiona wanaandika «kofia za harusi», unajua kichwa cha ukurasa kiandikwe nini.

Kazi ya binti, kwa hivyo, iwe likizo ijayo: kupanga ukurasa kwenye laptopu na kuandika aya chache za Kiingereza, fupi, kwa maneno yake mwenyewe. Asiyatie kwenye mashine ya kutafsiri.

Ama Kiarabu, bado. Maandishi yake yanatoka kulia kwenda kushoto, na ukurasa mzima lazima ugeuzwe ndio ukae sawa; ukitiwa ovyo, alama za nukta na bei zinarukaruka. Tena hujanambia hao wateja wa Maskati wanakuandikia kwa lugha gani. Naweka dau ni Kiswahili, kama wengi wa huko wenye asili ya huku. Wakitaka Kiarabu kwa ajili ya kuwaonesha marafiki zao, aya moja inatosha: ni kofia gani, inashonwa wapi, na namba ya WhatsApp. Yule aliyekuomba umwambie akuandikie yeye, na kabla hujaibandika mtumie mwengine wa huko huko aisome.